Bibi aliuliza ni nyama gani

Nilikuwa nimeshika sinia kwa mikono miwili. Juu yake kulikuwa na soseji ndogo kama hamsini, kila moja na kijiti chake cha meno, nimezipanga duara kuzunguka bakuli la tomato sosi. Sebule ya baba pale Tabata ilikuwa imejaa wageni waliotoka Same kuleta barua ya posa ya mdogo wangu. Mshenga alikuwa bado anapangusa jasho. Kabla hajafungua mdomo, wageni lazima watie kitu tumboni.

Nilianza na aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Bibi yake shemeji alikuwa kwenye kochi la pembeni, amejifunika khanga magotini. Akachukua moja, akaiinua karibu na macho, akaigeuza upande wa pili.

"Mjukuu wangu, hii ni nyama gani?"

"Ya ng'ombe, bibi."

Nilijibu kabla swali halijaisha vizuri.

Akaitikia kwa kichwa, akasema ahsante. Nikasogea kwa mjomba wa shemeji aliyekaa kando yake, kofia ya kiua kichwani. Swali la bibi alilisikia, na jibu langu alilisikia. Akachukua mbili.

Maneno mawili tu. Yamenikosesha usingizi majuma mengi.

## Mfuko usio na maandishi

Niliporudi jikoni kujaza sinia upya, mfuko wa soseji ulikuwa bado juu ya meza. Nikauinua kuutupa, na hapo ndipo nikauona kwa mara ya kwanza. Plastiki inayong'aa, imefungwa fundo. Hakuna jina la kiwanda. Hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna tarehe. Dukani nilikuta katoni kubwa imefunguliwa ndani ya friza, muuzaji akanipimia kilo mbili. Nilimuuliza kama ni za ng'ombe. "Za ng'ombe hizo, dada, zinaenda sana." Nikalipa, nikakimbilia manda za sambusa kabla foleni haijawa ndefu.

Kwa hiyo nilichomwambia bibi ni alichoniambia muuzaji, naye sikujua alikitoa wapi. Ila mimi nilikisema kama mtu aliyesimama machinjioni.

Halafu nikageuka nikaona kikaango.

Sisi ni Walutheri wa Machame. Kitimoto, nyama ya nguruwe, kwetu ni chakula cha Jumapili kama kingine chochote, na wiki moja kabla ya wageni kuja, kaka zangu walikikaangia kwenye kikaango kile kile cha chuma. Kilioshwa, ndiyo. Lakini siku ile kikiwa jikoni, na mafuta ya soseji yakipoa ndani yake, nilijua kwamba hata nyama ingekuwa ya ng'ombe aliyechinjwa mbele ya msikiti, kuna swali lingine ambalo bibi hakuliuliza na mimi sikulifikiria.

Nilisimama pale mpaka vigelegele viliposikika sebuleni. Barua ilikuwa imepokelewa. Mama akaniita nije kupigwa picha.

## Nyama isiyo na sura

Tangu siku ile nimekuwa nikiziangalia hizi soseji ndogo kwa jicho lingine. Kuku unamjua kwa mfupa wake. Mshikaki una nyuzi. Kitimoto chenyewe kina ngozi na mafuta yake, huwezi kukiita mbuzi mbele ya watu wazima. Soseji haina chochote cha kumtambulisha mnyama wake. Imesagwa hadi ikawa uji, ikatiwa chumvi na viungo, ikapewa rangi na harufu ya moshi, ikavishwa nguo. Na ile ya kwenye kijiti ni ndogo mno: ulimi ukianza kushuku, koo limeshameza.

Nimesoma pia ilikotoka. Mji wa Frankfurt, Ujerumani, una soseji zake nyembamba za nyama ya nguruwe. Inasimuliwa kwamba huko wachinjaji wa nguruwe na wachinjaji wa ng'ombe walikuwa vyama viwili tofauti, na hawakuruhusiwa kuchanganya nyama. Mchinjaji mmoja aliyejifunza kazi huko, Johann Georg Lahner, alihamia Vienna, na mwaka 1805 akaanza kutengeneza soseji yenye nguruwe na ng'ombe pamoja. Hadi leo mikebe ya soseji fupi madukani ina jina la mji huo. Waingereza nao, wakati wa Krismasi, huchukua soseji ndogo za nguruwe wakazizungushia vipande vya bekoni: nguruwe ndani ya nguruwe, na hakuna mgeni wa kwao anayeuliza.

Sisi tumechukua umbo la chakula hicho tukabadilisha nyama. Ni sawa kabisa, vyakula vyote vilisafiri hivyo. Ila umbo halikubadilika, na jina ni lile lile "soseji", neno lisilosema lolote kuhusu kilichomo.

Hata ukijua nyama, bado kuna nguo yake. Hili lilinishtua kuliko yote. Ngozi ya soseji nyembamba mara nyingi ni utumbo wa kondoo uliosafishwa. Nyingine ni kolajeni, protini inayotolewa zaidi kwenye ngozi ya ng'ombe, lakini inaweza kutolewa kwa nguruwe pia. Nyingine hupikwa ndani ya ganda la selulosi, kitu cha mimea, kisha ganda hilo huchunwa kabla ya kufungashwa. Kwa hiyo soseji inaweza kuandikwa ya kuku na ikawa ya kuku kweli, huku nguo yake ni ya mnyama mwingine. Bibi aliuliza swali moja. Ndani yake yalikuwemo matatu.

## Wenzetu wenye maabara

Nilitaka kujifariji kwamba wasiwasi wangu ni wa mtu anayenunua kwenye friza za mtaani. Kisha nikakutana na habari za Ireland.

Januari 2013, mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi hiyo ilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba kwenye baga za ng'ombe za madukani. Baga 27 zilipimwa. Kumi zilikuwa na vinasaba vya farasi, na dunia nzima ikapiga kelele juu ya farasi. Lakini kati ya hizo 27, baga 23 zilikuwa na vinasaba vya nguruwe. Ishirini na tatu! Nyingi kiasi kidogo sana, pengine kutoka kwenye mashine zilizopitisha nyama mbili, lakini kifungashio kilisema ng'ombe.

Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliopima bidhaa 139 za nyama, zikiwemo soseji, baga na nyama za kukausha. Bidhaa 95 zilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa. Wengi wa waliofichwa walikuwa nguruwe na kuku. Punda naye alikuwemo.

Hizo ni nchi zenye maandishi kwenye kila pakiti. Mimi nilikuwa na mfuko wenye fundo.

## Nilirudi dukani

Nilikwenda Jumatano moja baada ya kazi. Muuzaji hakunikumbuka, na sikutegemea anikumbuke. Nikamuuliza kwa upole zile soseji ndogo za kupima wanazitoa wapi. Akasema analetewa. Na aliyeleta anazitoa wapi? Akanyanyua mabega. Nikamuuliza kama naweza kuona katoni yenyewe. Akafungua friza, akanionyesha katoni ya aina nyingine kabisa, akasema zile za mwezi uliopita ziliisha na katoni alichukua mtu wa kuuza maboksi.

"Lakini zilikuwa za ng'ombe?"

"Mara nyingi huwa za ng'ombe."

Mara nyingi.

Sikumkasirikia. Alikuwa anafanya nilichokifanya mimi: kupokea maneno kwa mtu wa nyuma na kuyapitisha mbele. Katoni ilipofika kwake huenda ilikuwa na kila kitu, jina la mtengenezaji, alama ya shirika la viwango, TBS, pengine hata cheti cha halali cha baraza la Waislamu, BAKWATA. Siku alipoikata kwa kisu ili apime kwa kilo, maelezo yote yalibaki kwenye boksi, na nyama ikaondoka peke yake.

## Bibi ni Msabato

Kwa muda wote huo nilikuwa nawaza kofia. Nilimwona mjomba ni Mwislamu, na mzigo wangu wote niliuweka kwake. Bibi nilimwona kama mzee tu anayetaka kujua anachokula.

Mdogo wangu ndiye aliyenifungua macho. Nilimweleza jikoni kwake, naye akaacha kukata vitunguu.

"Dada, na bibi je?"

"Bibi ana nini?"

"Bibi ni Msabato. Tangu kuzaliwa."

Nilipaswa kujua. Wasabato wapo Upareni kusini tangu mwaka 1903, wamisionari wao wa kwanza nchini walianzia milimani huko, sehemu za Mamba. Ukoo wa shemeji umetoka huko huko. Na Msabato hali nguruwe, kama Mwislamu asivyokula. Lakini Msabato hana kofia. Hana hijabu. Anakaa sebuleni kwako anaonekana kama shangazi yako wa Machame, anasali sala ya kufungua kikao pamoja nawe, anaitikia amina, na wewe unamsogezea sinia bila wazo lolote.

Upareni ndivyo kulivyo. Familia moja ina Msabato, Mlutheri na Mwislamu, na siku ya shughuli wote wanakula chungu kimoja. Wao wamezoea kupika wakijua hivyo. Sisi tulikuwa bado hatujajifunza.

Tunao utaratibu wetu nchini, sote tunaujua: ng'ombe wa shughuli anachinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale. Haukuandikwa kwenye katiba, umebebwa na uungwana tu, na ukivunjika unauma. Februari 2013, Buseresere kule Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwua mtu. Lakini utaratibu huo unategemea kuonekana. Ng'ombe amefungwa mwembeni, aliyeshika kisu anajulikana jina na mtaa, watoto wameshuhudia. Ukija na soseji ya katoni, hakuna mwembe wala mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Aliyebaki ni yule aliyeshika sinia.

Aliyeshika sinia nilikuwa mimi.

## Nimwambie, nisimwambie

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi, na sitaki kupita haraka.

Mdogo wangu alinisihi ninyamaze. Mahari ilikuwa haijakamilika, tarehe ya ndoa haijapangwa. Upande wa pili wakisikia kwamba nyumba ya wachumba iliwalisha nyama isiyojulikana siku ya kwanza kabisa, litasemwa hadi wajukuu. Mama alisema tusubiri ndoa ipite. Baba alifikiri kidogo akasema, "Hukukusudia. Acha Mungu ashughulike nalo."

Maneno ya baba yalinipa nafuu siku mbili.

Hoja iliyonisumbua haikuwa ya mahari. Ilikuwa hii: hivi sasa mjomba yuko nyumbani kwake, ana amani. Kwa dini yake, mtu aliyekula bila kujua hana kosa. Nikimwambia, sitaiondoa ile nyama. Nitakachofanya ni kuchukua kinyaa kilichokuwa kwangu na kukihamishia kwake. Je, nataka kumwambia kwa sababu ni haki yake, au kwa sababu mimi nataka kulala?

Na huenda zilikuwa za ng'ombe! Hilo nalo lilinirudia kila usiku. Huenda nitamchafua mtu moyo kwa jambo ambalo halikutokea. Kisha nakumbuka kikaango, na hoja inaanza upya.

Nilimweleza mwenzangu wa kazini, mama mmoja Mwislamu kutoka Tanga ambaye tunakula naye mchana kila siku. Nilimwuliza waziwazi: ungekuwa wewe, ungetaka kujua?

Alifunika bakuli lake la wali kwanza. Akanyamaza kiasi. Akasema:

"Ile niliyokula imeshapita. Ningetaka kujua kwa ajili ya zile nitakazokula kwako kesho."

Nilirudi mezani kwangu nikakaa bila kufanya kazi mpaka saa kumi. Mdogo wangu anaolewa kwa watu hawa. Mjomba atakuja kwetu sikukuu, misibani, atakapozaliwa mtoto. Kila mara nitamletea sinia, na kila mara atachukua kwa sababu siku ile ya kwanza nilisema "ya ng'ombe" naye akaamini. Nikinyamaza, kila sahani nitakayompa baada ya hapo itakuwa imeegemea lile jibu.

Jioni ile nikamwomba shemeji namba za simu.

## Mkono wa kulia

Nilimpigia bibi kwanza. Nilimwamkia, akaniitikia kwa sauti ya furaha, akauliza habari za wazazi, habari za kazi, habari za mvua za Dar. Nikamwambia nina jambo. Nikalisema lote: mfuko, muuzaji, kikaango, jibu langu.

Simu ikanyamaza. Nikasikia jogoo kwa mbali.

"Mjukuu wangu," akasema, "ile soseji mimi sikuila."

Sikuelewa.

"Nilikuona ulivyojibu. Haraka. Mtu anayejua alichopika hukumbuka kwanza amekinunua wapi. Nikasema huyu mtoto hajui, ila anataka nifurahi."

"Sasa bibi, uliipeleka wapi?"

"Niliifunga kwenye tishu, nikaishika."

Aliishika. Wakati mshenga anaongea aliishika, wakati barua inasomwa aliishika, wakati wa sala ya mwisho na wakati wa kuagana. Hakuirudisha kwenye sinia kwa sababu, alivyosema mwenyewe, "tulikuja kuomba mtoto, ningekataaje chakula chenu mbele za watu?" Hakuiacha kwenye kochi wala chini ya meza ili mama yangu asije akaikuta na kujiuliza. Aliitia kwenye pochi, akaja kuitupa Korogwe gari liliposimama.

Baada ya simu nilifungua picha za siku ile. Ipo moja, familia zote mbili mbele ya ukuta wa sebule. Mkono wa kushoto wa bibi uko begani kwa mdogo wangu. Wa kulia umefumbwa, umeshuka ubavuni, na khanga pale penye ngumi ina doa la mafuta lenye ukubwa wa sarafu. Picha hiyo ilikuwa kwenye simu yangu muda wote. Niliituma kwa watu. Nimeiweka hata kwenye wasifu wangu.

Nililia, nakiri. Mzee wa zaidi ya miaka sabini alibeba kero yangu kiganjani saa nzima ili mimi nisione aibu.

Mara ngapi watu wamefanya hivi nyumbani kwetu? Wangapi wamezungushiwa sinia, wakachukua kwa sababu kukataa ni kutukosea adabu, wakauliza kwa sauti ndogo au wasiulize kabisa, kisha wakatafuta tishu? Tunaita vitafunwa vya kufungulia kikao, kitu chepesi kabla ya mambo mazito. Kwa mgeni asiyejua kilichomo ndilo jambo zito la kwanza analokutana nalo mlangoni, na analitatua peke yake, huku anatabasamu.

## Mjomba

Kwa mjomba mazungumzo yalikuwa mafupi.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kuitikia. Kisha akasema, "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mjomba."

"Aliyekula bila kujua hana dhambi, hilo nalifahamu. Lakini bibi aliuliza, wewe ukajibu, mimi nikala kwa jibu lako."

"Ndiyo, mjomba. Naomba unisamehe."

Pumzi yake nikaisikia ikitoka taratibu.

"Nimekusamehe. Ahsante kwa kuniambia. Ungeniambia siku ile ile."

Akaaga vizuri, akakata.

Siku ile ile. Ningeweza. Nilikuwa nimesimama jikoni, mfuko mkononi, yeye yuko hatua kumi kutoka kwangu, na soseji ya pili pengine bado iko kwenye sahani yake. Nilisubiri vigelegele viishe.

## Kilo tatu

Sendofu ya mdogo wangu ilipokaribia, nilisema vitafunwa vya meza ya wakwe ninafanya mimi, na soseji zitakuwepo. Mama alishangaa. Kwa nini nisiziache kabisa, niweke sambusa za dengu na viazi? Wazo lake lilikuwa zuri. Lakini nilitaka kulijibu lile swali kwa chakula kile kile.

Nilikwenda bucha la mtu ninayemfahamu, asubuhi, wa kwanza foleni. Nikachagua nyama ya ng'ombe ya mkono na mafuta ya kidari, nikamwomba aoshe mashine ya kusagia mbele yangu, nikamuuliza ilipitisha nini jana. Hakuchukia. Aliosha.

Jaribio la kwanza liliharibika. Joto la Dar lilinishinda: nilikanda kwa mikono ya moto, mafuta yakayeyuka ndani ya nyama, na soseji zilipoiva zikatoa mafuta yote nje zikabaki kavu, zinavunjika kama makande yaliyolala. Ndipo nikajifunza kwamba siri ya soseji ni baridi. Mara ya pili nyama ililala kwenye friza mpaka ikaanza kukaza, bakuli nalo likaingia humo, na maji niliyoongeza yalikuwa ya barafu. Mafuta yawe karibu robo ya uzito wote. Chumvi gramu 18 kwa kila kilo. Pilipili manga, kitunguu saumu, kungumanga kidogo, giligilani iliyosagwa. Unakanda hadi nyama inanata, ukigeuza kiganja chini isidondoke.

Nguo sikuweka. Nilikata vipande vya nailoni ya kufungia chakula, nikaweka kijiko cha nyama, nikaviringisha unene wa kidole kidogo, nikafunga ncha mbili. Zikaiva kwenye maji ya moto yasiyochemka, hadi kipimajoto kilipofika nyuzi 71 katikati. Zikapoa, nikavua nailoni, na zikabaki zimesimama zenyewe, laini, bila utumbo wala kolajeni ya mtu yeyote. Kila moja gramu 15 hivi. Kilo tatu zikanipa karibu mia mbili. Nilinunua kikaango kipya na chupa mpya ya mafuta ya alizeti, na kaka zangu niliwakataza kukigusa.

Ukumbini nilizileta kidogo kidogo kutoka kwenye hotipoti. Soseji ndogo hupoa upesi, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Za meza ya watoto nilizipasua kwa urefu mara mbili na kuondoa vijiti, maana ile duara nzima ina upana wa koo la mtoto.

## Sinia la pili

Bibi alikuwa meza ya mbele, amevaa kitenge kipya. Nilipofika kwake sikusubiri.

"Shikamoo bibi. Hii ni nyama ya ng'ombe, nimenunua bucha la Tabata, nimesimamia wakati inasagwa. Haina ngozi ya nje. Kikaango ni kipya."

"Marahaba. Na mafuta uliyokaangia?"

"Ya alizeti, chupa mpya."

"Na yale ya ndani?"

"Ya kidari, ng'ombe huyo huyo."

Akachukua moja. Akaila taratibu, akaweka kijiti pembeni mwa sahani, akachukua ya pili. Akaniambia chumvi imezidi kidogo. Ilikuwa imezidi kweli.

Mjomba alikuwa kiti cha tatu kutoka hapo. Nilimwamkia, nikamsogezea sinia, nikaanza kumweleza kama nilivyomweleza bibi: bucha, mashine, kikaango. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akinitazama usoni. Kisha akaweka kiganja kifuani.

"Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki."

Sahani yake ilikuwa safi, tishu juu yake bado imekunjwa pembe tatu. Nikamshukuru, nikasogeza sinia kwa aliyekaa kando yake, nikaanza tena tangu mwanzo.